Sauti Iliyolipwa na Timu: Kuondoka kwa Steve Stone, Chicago, 2004

Tarehe 28 Oktoba 2004, mchambuzi wa besiboli Steve Stone alitangaza kwamba hatarudi tena katika kibanda cha watangazaji cha Chicago Cubs. Sauti yake ilikuwa imesikika kutoka kibanda hicho tangu mwaka 1983, isipokuwa misimu miwili aliyopumzika kwa sababu ya maradhi. Hakuwa amemtukana mtu, wala hakuwa ametoa siri ya ndani. Alikuwa amesema hewani kwamba timu iliyokuwa na vipaji vya kutosha imeshindwa kwa makosa yake yenyewe, na kwamba uongozi wake uwanjani haukufikiri vizuri. Yeyote aliyekuwa na macho na televisheni aliweza kuyaona hayo. Tofauti ni kwamba Stone aliyasema kwa kipaza sauti cha mwenye timu.

Naona kisa hiki kinastahili nafasi katika masomo yetu ya uraia, ingawa mchezo wenyewe bado ni mgeni kwa wengi wetu. Sisemi mgeni kabisa. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, hapa Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika fainali za dunia za besiboli ya watoto kule Williamsport, Pennsylvania, na tangu hapo wapo Waganda waliosajiliwa na klabu kubwa za Marekani. Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, yatosha aelewe mambo mawili. Kwanza, mechi ya kawaida ina vipindi tisa, na mkiwa sare mnaendelea mpaka mmoja ashinde. Pili, msimu una mechi 162 kwa kila timu, karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwisho wa Septemba. Jambo hili la pili ndilo linalomfanya mtangazaji wa besiboli kuwa mtu wa namna ya pekee.

Kwetu tumezoea mtangazaji wa kandanda ambaye ni mtu wa redio au wa kituo cha televisheni. Leo anatangaza mechi ya timu hii, kesho ya timu ile, na mshahara wake hautoki kwa yeyote kati yao. Katika besiboli ya Marekani kila klabu ina watangazaji wake. Wanaifuata timu msimu mzima, wanapanda ndege moja na wachezaji, wanalala katika hoteli zile zile. Ama klabu yenyewe ndiyo inayowaajiri, ama kituo cha matangazo kinawaajiri baada ya klabu kuridhia majina yao. Msikilizaji anakaa nao jioni baada ya jioni kwa miezi sita, akipika, akiendesha gari, akimbembeleza mtoto alale. Mwisho wake sauti ile inakuwa kama ya mjomba wa nyumbani. Lakini mjomba huyu ana mkataba ambao mpwa wake hajauona.

Swali la nani mwenye sauti hiyo ni la zamani. Aliyelijibu kwa gharama kubwa kabla ya Stone ni Red Barber, na siwezi kusimulia habari za 2004 bila kupitia kwake.

Barber alizaliwa Mississippi mwaka 1908 na akaanza kutangaza mechi za Cincinnati mwaka 1934, chini ya meneja mkuu aliyeitwa Larry MacPhail. Wakati ule wenye timu wengi waliiogopa redio. Walidhani mtu akiisikia mechi bure nyumbani hatanunua tiketi. Klabu tatu za New York zilikuwa zimekubaliana kutorusha matangazo ya mechi zao kabisa. MacPhail alipohamia Brooklyn aliukataa mpango huo, akamchukua Barber, na kuanzia mwaka 1939 jiji zima likaanza kusikia lafudhi ya Kusini ikisimulia habari za Brooklyn. Ni Barber huyo huyo aliyetangaza mechi ya kwanza ya ligi kuu kuonyeshwa kwenye televisheni, tarehe 26 Agosti 1939.

Barber alijihesabu kuwa mwandishi wa habari. Hakushangilia. Kanuni hiyo ilipata mtihani wake mkubwa mwaka 1945, pale Branch Rickey, kiongozi wa Brooklyn wakati huo, alipomweleza faraghani kwamba ana nia ya kumleta mchezaji mweusi katika ligi ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya weupe peke yao. Barber alikuwa mtoto wa Kusini, amelelewa ndani ya ubaguzi, na jambo la kwanza lililomjia ni kuacha kazi. Mkewe alimsihi asiharakishe. Baadaye aliamua kwamba kazi yake ni kueleza kinachotokea uwanjani, basi. Jackie Robinson alipoingia uwanjani mwaka 1947, Barber alimtangaza kama alivyomtangaza mchezaji mwingine yeyote: kapiga, kakimbia, katolewa. Kwa mamilioni ya wasikilizaji, ukimya huo juu ya rangi ya ngozi ulikuwa na uzito kuliko hotuba. Naona hapa ndipo penye thamani ya mtangazaji anayesema tu kilichopo.

Mwaka 1954 alihamia New York Yankees. Hiyo ilikuwa klabu ya kifalme, iliyokwisha kutwaa ubingwa mara 20 kufikia mwaka 1962. Lakini falme huchakaa. Kampuni ya utangazaji ya CBS iliinunua mwaka 1964, na miaka miwili baadaye Yankees wakaburura mkia, nafasi ya mwisho ya ligi yao, jambo ambalo halikuwa limewapata tangu 1912. Alhamisi ya tarehe 22 Septemba 1966 walicheza na Chicago White Sox katika hali ya hewa mbaya. Uwanja wao ulikuwa na viti zaidi ya 60,000. Waliokuja ni watu 413.

Barber alimwomba mwongozaji wa picha ageuze kamera ionyeshe majukwaa. Alikataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena, kwa maana amri ilikuwa imetoka kwa wahusika wa klabu kwamba viti vitupu visionekane. Ndipo akatumia kile alichobaki nacho, mdomo wake. Aliwaambia watazamaji kwamba hajui idadi kamili ya waliolipa, ila kwa hakika huo ndio umati mdogo kabisa katika historia ya uwanja ule, na kwamba habari ya siku hiyo ni umati huo, si mechi. Siku chache baadaye rais mpya wa klabu, Mike Burke, mtu wa CBS, alimwita kwa kifungua kinywa na kumjulisha kwamba mkataba wake hautaongezwa. Barber alikuwa na umri wa miaka 58, na hakutangaza tena kwa klabu yoyote ya ligi kuu.

Yawezekana kulikuwa na sababu nyingine. Alikuwa mtu mkali, na uhusiano wake na wenzake kibandani, ambao wengi walikuwa wachezaji wastaafu, haukuwa mzuri. Hata hivyo wahenga wetu walisema mficha uchi hazai. Klabu iliyoona ni afadhali kuficha majukwaa kuliko kuuliza kwa nini ni matupu ilikaa miaka kumi bila kutwaa hata ubingwa wa ligi yake.

Sasa tuje Chicago. Kabla ya kuwa sauti, Stone alikuwa mkono. Alikuwa mrushaji, na mwaka 1980, akiwa Baltimore, alishinda mechi 25 na kushindwa 7, akatunukiwa tuzo ya Cy Young ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi. Mkono ukaharibika, akastaafu mapema, na mwaka 1983 akaketi kando ya Harry Caray, mtangazaji maarufu kuliko wote mjini Chicago. Caray alikuwa shabiki wa wazi. Alikuwa akitoa kichwa nje ya dirisha la kibanda na kuongoza umati mzima kuimba. Stone alikuwa kinyume chake, mtulivu, mchambuzi, mwenye tabia ya kusema kitakachotokea kabla hakijatokea. Akisema mrushaji amechoka, aghalabu mpira uliofuata ulipigwa ukatoka nje ya uwanja. Kipaji hicho kiliwafurahisha wasikilizaji. Sina hakika kama meneja yeyote anaweza kupendezwa na mtu wa namna hiyo aliye juu ya kichwa chake, anayesikilizwa na familia za wachezaji wake nyumbani.

Mazingira ya mwaka 2004 yalikuwa mazito. Cubs hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1908. Msimu wa 2003, chini ya meneja mpya Dusty Baker, walifika hatua ambapo walihitaji kuwatoa wapigaji watano tu ili wafuzu kwa fainali, wakaporomoka. Kwa hiyo msimu uliofuata ulianza kwa matumaini makubwa mno, na msemo wetu kwamba mkamia maji hayanywi ungewafaa. Ni haki kusema kwamba Baker hakuwa na bahati: warushaji wake wawili wakubwa, Kerry Wood na Mark Prior, walikosa sehemu ya msimu kwa majeraha. Hata hivyo, mwishoni mwa Septemba Cubs walikuwa mbele katika kuwania nafasi ya mwisho ya mtoano.

Huku nyuma, chuki kati ya wachezaji na kibanda ilikuwa imekua. Baadhi ya wachezaji walilalamika kwamba watangazaji wanawasifu mno wapinzani na kuwakosoa mno wenyeji. Mrushaji mmoja, Kent Mercker, alifikia hatua ya kupiga simu kutoka sehemu ya warushaji wa akiba hadi kibandani, mechi ikiendelea, kulalamikia yaliyokuwa yakisemwa hewani. Ndugu msomaji, hebu tafakari jambo hilo. Mtu yuko kazini, mechi inachezwa mbele ya macho yake, naye anashughulika na matangazo. Sisi tuna msemo, mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Katika chumba cha kubadilishia nguo cha Cubs hata mpinzani aliyecheza vizuri hakustahili kupewa haki yake, mradi anayeitoa ni mtu wa nyumbani.

Katika mechi 9 za mwisho Cubs walishindwa 7. Mbaya kuliko zote kwa Stone ilikuwa ile ya Alhamisi, 30 Septemba, nyumbani Wrigley Field, dhidi ya Cincinnati. Prior alirusha mpira siku ile kama mtu aliyetumwa, akawaondoa wapigaji 16 bila wao kuugusa mpira, na bado mechi ikaenda hadi kipindi cha 12, Cubs wakalala kwa 2–1. Baada ya mechi Stone alihojiwa kwenye redio ya WGN, na huko ndiko alikosema yote. Alisema kwamba kundi lile lenye vipaji linatazama kila upande isipokuwa pale linapopaswa kutazama, kwamba linatafuta visingizio, na kwamba kwa uwezo wao walitakiwa kuipata nafasi ile wakiwa mbele kwa mechi sita au saba. Alieleza pia, kwa undani wa mtu aliyewahi kusimama pale, maamuzi ya kiufundi ambayo meneja hakuyafanya vizuri. Ni nyani haoni kundule, kwa maneno mengi zaidi.

Hapa lazima nieleze nani mwenye nini, maana ndiyo sababu ya kukichagua kisa hiki. Klabu ya Cubs ilikuwa mali ya kampuni ya Tribune tangu 1981. Redio ya WGN ilikuwa ya Tribune. Televisheni ya WGN, iliyoonekana Marekani nzima kwa satelaiti na kebo na kuwapatia Cubs mashabiki katika miji ambayo haijawahi kumwona mchezaji wao hata mmoja, ilikuwa ya Tribune. Gazeti kubwa la jiji, Chicago Tribune, halihitaji maelezo. Yaani timu, redio, televisheni na gazeti vilikaa chini ya paa moja. Stone aliikosoa mali ya mwajiri kwa kutumia mali ya mwajiri. Kinachonishangaza si kwamba mambo hayakumwendea vizuri baada ya hapo. Kinachonishangaza ni kwamba aliweza kufanya hivyo kwa miaka ishirini, na sababu yake naona ni ya kibiashara: wasikilizaji walimwamini, na kuaminiwa kwake kuliuza matangazo. Mwenye mali huvumilia ukweli maadamu ukweli unaleta faida. Siku unapoleta fedheha, hesabu hubadilika.

Aliitwa kwa mazungumzo. Meneja Baker, meneja mkuu Jim Hendry na rais wa klabu walikutana naye baada ya kauli zile. Na rais huyo ni nani? Andy MacPhail, mjukuu wa Larry MacPhail, yule yule aliyemleta Red Barber Brooklyn na kuzivunja hofu za wenye timu kuhusu redio. Historia haitupi mara nyingi mfuatano ulionyooka hivi. Babu alielewa kwamba sauti huru ya mtangazaji hujenga timu. Mjukuu alirithi klabu ambayo sauti ya aina hiyo ilikwishakuwa tatizo la kujadiliwa kikaoni. Simlaumu peke yake. Kati ya babu na mjukuu, besiboli ilikuwa imegeuka kuwa biashara ambayo haki za matangazo zina uzito kuliko tiketi za mlangoni.

Mwenzake kibandani, Chip Caray, mjukuu wa Harry, aliondoka kwanza, akaenda kutangaza Atlanta. Wiki chache baadaye Stone naye akaaga. Hakufukuzwa, na ni vizuri tuwe waangalifu katika hili, maana katika masimulizi ya mitaani neno kufukuzwa huja upesi. Alijiuzulu. Lakini kuna kujiuzulu kwa mtu aliyechoka, na kuna kujiuzulu kwa mtu aliyeona kwamba akibaki atalazimika kupima kila sentensi kabla haijatoka. Mchambuzi anayefanya hivyo hana tena cha kuuza.

Kuna hoja ya upande wa pili, na wanafunzi wangu waliitoa kabla sijawaeleza. Je, ni adabu mtu kula mezani kwa mwenye nyumba kisha akatoka barazani kusema chakula ni kibovu? Kama klabu inamlipa, si anapaswa kuitetea? Hoja hii ina nguvu katika jamii zetu, ambako mgeni hamkosoi mwenyeji mbele za watu. Tena, ni rahisi mno kuongoza mechi ukiwa juu kibandani, baada ya matokeo kujulikana. Baker alilazimika kuamua kabla. Nayakubali yote hayo. Ila mfano wa meza una kasoro. Kwenye baraza lile walikaa watu wa tatu, wasikilizaji, ambao hawakualikwa kula. Walialikwa kuambiwa chakula kikoje. Wao ndio walionunua tiketi na kutazama matangazo ya biashara yaliyolipia meza yenyewe. Mtangazaji anapoiambia familia iliyokaa sebuleni kwamba mambo ni mazuri wakati si mazuri, hamstiri mwenyeji, anamdanganya mlipaji.

Nyakati zilizofuata zilizungumza zenyewe. Msimu wa 2005 Cubs walishinda mechi 79 na kushindwa 83. Msimu wa 2006 walishinda 66 na kushindwa 96, na mkataba wa Baker haukuongezwa. Kosa halikuwa limekaa kibandani. Nasema hivyo bila kumdharau Baker, ambaye baadaye, mwaka 2022, alitwaa ubingwa akiwa na Houston katika umri wa miaka 73.

Wala Chicago haikuwa peke yake. Baltimore, Jon Miller aliyekuwa akipendwa na wengi aliondoka baada ya msimu wa 1996 kwa kuwa mwenye klabu, Peter Angelos, alitaka mtangazaji anayeitetea timu kwa moyo zaidi. Miller alikwenda San Francisco, na mwaka 2010 akapewa tuzo ya Ford C. Frick, heshima ya juu ya watangazaji wa besiboli. Wa kwanza kuipata tuzo hiyo, mwaka 1978, walikuwa wawili: Mel Allen na Red Barber, wote wawili wakiwa wameondolewa na Yankees. Klabu hiyo hiyo ya Baltimore, ikiongozwa wakati huo na mtoto wa Angelos, ilimweka nje ya matangazo Kevin Brown katika msimu wa 2023, baada ya kutaja hewani jinsi timu ilivyokuwa ikishindwa katika uwanja wa Tampa Bay miaka iliyopita. Takwimu zile zilikuwa za kweli, tena alizitaja kwa nia ya kuisifu timu kwamba sasa imeimarika. Watangazaji wa klabu nyingine walimtetea hadharani, na kabla ya katikati ya Agosti alikuwa amerudi kibandani.

Stone mwenyewe hakukaa kimya muda mrefu. Alichambua mechi kwenye televisheni ya taifa na redio ya Chicago, kisha mwaka 2008 akavuka mji na kujiunga na matangazo ya White Sox. Tangu 2009 aliketi katika kibanda cha televisheni kando ya Ken Harrelson, mtangazaji ambaye kwa miaka mingi aliwaita wachezaji wa timu yake watu wema na wapinzani wao watu wabaya, hewani, bila kumficha mtu yeyote.